Bakuli la Mkaguzi

Tuseme ukweli mapema tusipotezeane muda: Mvuke hakumpenda yule kinyonga hata chembe. Alimpokea kwa sababu dada yake alimwamuru, basi.

Mvuke alikuwa dobi. Jina hilo alibandikwa na wateja, akalizoea mpaka akalisahau la kuzaliwa. Dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamkuza kwa uji na fimbo, fimbo zaidi. Leo Mvuke ana miaka hamsini na minane na kitambi cha heshima, lakini dada akimkoholea huficha mikono nyuma. Kinyonga alikuwa wa dada huyo. Alimwita Mkaguzi, kwa maelezo kwamba amepokea wakaguzi wa shule miaka thelathini na wote walikuwa vilevile: jicho moja kwenye daftari la mahudhurio, jicho la pili kwenye birika la chai.

Siku dada alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, neno la kwanza alilotamka akiwa bado sakafuni halikuwa la kuita daktari. Alitaka Mkaguzi apelekwe kwa mdogo wake. Alipofikishwa wodini akaomba karatasi, akaandika maelekezo mbele na nyuma, na mambo mazito akayapigia mstari kwa wino mwekundu, ambao mwalimu hatembei bila kuwa nao hata akifa. Mvuke akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa suruali, akaahidi ataisoma akifika nyumbani.

Sasa sikia balaa. Dobi huyu, tangu aanze kazi, hajawahi kufua nguo ya mteja bila kupekua mifuko. Amewarudishia watu funguo, pete, meno ya bandia, na barua moja ya mapenzi ambayo haikuandikwa na mke wa mwenye suruali. Lakini suruali yake mwenyewe aliitumbukiza kwenye beseni moja kwa moja, huku anapiga mluzi. Mganga hajigangi. Maelekezo ya dada yakatoka yamekuwa donge, wino mwekundu ukaigeuza fulana yake kuwa ya rangi ya waridi, na humo ndani ya donge hakukuwa na herufi hata moja ya kumsaidia mtu.

Utasema si angerudi akamuuliza? Ungerudi wewe? Umwambie mwalimu kwamba maandishi yake umeyafua ukayasuuza? Mvuke aliona heri abuni.

Akabuni. Mkewe alikuwa ameshaapa kwamba yeye na kinyonga hawalali chini ya bati moja, kwa hiyo tundu la waya likawekwa kwenye kibanda cha kazi, pembeni kwenye giza, nyuma ya kapu la nguo ambazo wenyewe wamezitelekeza. Kila asubuhi Mvuke alijaza bakuli la maji, akatupia makombo ya jana, akageukia pasi yake. Jumatano na Jumapili alikwenda hospitali kumwona dada, anakaa dakika tano, anasimama. Dada akiuliza kama Mkaguzi anakula, alijibiwa kwamba anakula kushinda dobi mwenyewe. Akiuliza maji, alijibiwa kwamba bakuli halijawahi kukauka. Na kwa hilo la pili Mvuke hakusema uongo. Bakuli lilikuwa halikauki kwa sababu hakuna aliyekuwa akinywa.

Wiki ya tatu, kinyozi wa kibanda cha jirani alikuja kuchukua mashuka yake, akachungulia nyuma ya kapu, akauliza kama ile ngozi iliyoanikwa pale inauzwa. Mvuke akasogeza kapu akaangalia kwa mara ya kwanza, maana zile siku nyingine zote alikuwa anamimina tu. Mkaguzi alikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa yamezama, yamefumbwa mchana kweupe, na ngozi ya ubavuni ilimning'inia kama soksi iliyoisha mpira. Alipomgusa, alishika kijiti kwa mguu mmoja tu. Mingine ilikuwa imekata tamaa.

Mvuke akamkumbuka dada. Jumapili iliyotangulia daktari alikuwa amemvuta pembeni akamweleza kwamba mfupa wa dada unaunga vizuri lakini mgonjwa mwenyewe hana nguvu, na hawajui kwa nini. Akiweza kushika chuma cha kutembelea na kupiga hatua kumi kabla ya mwezi kwisha, atakwenda nyumbani. Asipoweza, atahamishiwa wodi ya nyuma, ile ya wazee wanaongojea, na daktari hakusema wanaongojea nini. Dada mwenyewe, alipoambiwa, alijibu kwa sauti ya gwaride kwamba atasimama, kwa sababu kuna mtu anamngoja nyumbani. Mvuke alijinyoosha kola. Kumbe mtu mwenyewe ni huyu soksi.

Kinyozi, ambaye kichwani ana kila dawa isipokuwa ya upara wake, alishauri atafutwe kinyonga mwingine. Si wanabadilika rangi hao? Nani atamjua? Tusimsingizie Mvuke utakatifu: alilifikiria shauri hilo kwa muda wa shati zima na nusu ya suruali. Lakini dada yake alikuwa akijua mwandiko wa kila mtoto katika darasa la watoto arobaini na watano. Kinyonga wa kupachika angemtambua kabla hajavua viatu.

Kinyozi akaondoka. Na hapa inabidi nitoe siri ya Mvuke, anisamehe. Mbele ya wateja alinyunyizia nguo kwa chupa, kistaarabu, kama walivyomtaka baada ya malalamiko ya mama mmoja aliyeleta kanzu. Wateja wakiondoka, alirudia mtindo aliofundishwa na mzee wake wa kazi: unajaza maji mdomoni, unabana midomo, unapuliza, na maji yanashuka kwenye shati membamba, sawasawa, kuliko chupa yoyote iliyowahi kutengenezwa. Basi alijaza mashavu, akapuliza. Kwa kuwa mawazo yalikuwa kwenye wodi ya nyuma, akapuliza kombo. Nusu ya maji ikalipata shati, nusu ikalipata tundu.

Matone yakasimama kwenye waya na kwenye kijiti. Jicho moja la Mkaguzi likafunguka, taratibu, kama mlango wa ofisi ya serikali. Likalitazama tone lililokuwa mbele ya pua. Mdomo ukapanuka, ukalilamba. Kisha ukalifuata la pili.

Mvuke alisimama na mashavu yake matupu. Alitazama matone, akatazama bakuli limejaa mpaka ukingoni, kisha akajitukana tusi ambalo sitaliandika, nyumba hii ina watoto. Wiki tatu mnyama alikuwa anakufa kiu ubavuni mwa maji! Maji yaliyotulia hakuyajua kama ni maji. Alikuwa akingoja yamdondokee kama yanavyodondoka kwenye majani baada ya mvua, na dobi mzima, aliyeshinda na maji mdomoni, hakumpa hata tone.

Shati la mteja likaungua siku hiyo. Liache liungue. Mvuke alipuliza mpaka mashavu yakamuuma, na Mkaguzi alilamba mpaka jicho la pili nalo likakubali kufunguka. Kesho yake tundu lilihamia dirishani kwenye jua la asubuhi, likatiwa matawi mabichi, na juu yake ikaning'inizwa chupa iliyotobolewa kwa sindano ili idondoshe tone moja moja kutwa nzima. Makombo yalikwenda kwa kuku wa jirani. Mkaguzi hakutaka chakula kilicholala; alitaka kinachotembea. Kwa hiyo watu wa mtaa ule waliona kwa macho yao mzee wa kitambi cha heshima akiruka kwenye nyasi za kando ya mtaro na foronya ya mteja mkononi, anakamata panzi. Panzi walikuwa na mbio kumshinda, ila wao hawakuwa na dada.

Mkewe alivumilia siku mbili, kisha akaja kibandani kugomba. Alisimama mlangoni, mbali na tundu, akamtazama yule mnyama kwa jicho la pembeni, na badala ya kugomba akauliza kama huo ubavu mtupu ndio matunzo aliyomwahidi wifi yake. Jioni alirudi na glasi iliyofunikwa kwa kiganja, ndani mna nzi wanne wazima. Alimkabidhi mumewe, akakimbia. Lakini alikimbia mpaka mlangoni tu, akageuka kuona ulimi unavyofyatuka. Baada ya hapo hakukuwa na nzi aliyeishi kwa amani jikoni kwake.

Siku ya sita Mkaguzi aliamka ana kijani. Si kijani cha kujisifia, lakini kijani. Ilikuwa Jumatano, na Mvuke akaenda hospitali kifua mbele, safari hii akiwa na habari ya kweli mfukoni, na mifuko ameipekua.

Dada alikuwa amelala chali, uso kwenye dari. Mvuke akafungua mdomo aanze kusimulia, na macho yakamtua kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Palikuwa na glasi ya maji, imefunikwa kikaratasi, imejaa mpaka ukingoni. Jumapili ilikuwa hapo, imejaa. Jumatano iliyopita pia. Nesi aliyekuwa akipita akaona anavyoitazama, akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, mama ana maji yake, wanambadilishia kila asubuhi.

Mvuke akaiacha habari yake mfukoni. Akamtazama dada yake namna alivyomtazama kinyonga siku ile alipolisogeza kapu. Macho yamezama. Midomo imepasuka. Ngozi ya mkono aliokuwa akiuogopa utoto mzima imelegea juu ya mfupa. Na meza ilikuwa upande wa nyonga iliyovunjika, upande ambao hawezi kugeukia.

"Dada, hiyo glasi unaifikia?"

"Nimekunywa."

"Dada."

Mwalimu aliijibu dari. "Siifikii," akasema. "Na hata ningeifikia, nikinywa itabidi niombe beseni la haja. Wawili kati ya hawa manesi nimewafundisha mimi kuandika majina yao. Wanibebee mkojo?"

Mvuke alitaka kulia, akaona aibu, akaamua kukiri, maana njia ya mwongo ni fupi na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake. Alieleza yote bila kupumua: karatasi, beseni, fulana ya waridi, bakuli, makombo, soksi, matone, panzi, na kijani cha asubuhi ile. Alisema kwamba kwa wiki tatu alimwacha Mkaguzi afe kiu huku bakuli limejaa, na kwamba huku nako, mara mbili kwa wiki, ameiona glasi imejaa akaaga akaenda zake. Alisema anaomba radhi, na hakujua hasa anamwomba nani kati ya wale wawili.

Kitanda kikaanza kutikisika. Mvuke akadhani amemuua. Kumbe ni kicheko, kinapanda toka mbali na kinamuuma nyonga, naye anakibana na kimemshinda.

"Umeifua," dada akasema. "Karatasi yangu. Umeifua."

"Na kuisuuza," akasema Mvuke.

Akazunguka kitanda, akaichukua glasi, akaondoa kikaratasi. Mtu akibabaika hurudi kwenye kazi yake: kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga funda, mashavu yamejaa, midomo ameibana. Dada aliyatambua mashavu yale. Alikuwa amemgombeza kwa ajili ya mtindo ule kabla hata hajapata kibanda.

"Ukinitemea," akasema, "nasimama hapa hapa nakuchapa."

Mvuke akameza.

"Basi simama," akasema.

Dada akamtazama. Kisha akainua shingo, na mdogo wake akamwekea kiganja kisogoni, akamnywesha kidogo kidogo, tone kwa tone mwanzoni, halafu kwa mafunda. Glasi ikaisha. Akataka nyingine, ikaisha nayo. Akajifuta mdomo kwa ukingo wa shuka, dobi akaona doa na kwa mara moja maishani akanyamaza.

"Haya, mwite yule nesi mrefu alete beseni," akasema dada. "Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, lakini alikuwa mtoto mwema."