Uzito wa Udongo

Chimpu alikuwa uani akigeuza viazi vilivyolala nje vikaushwe na baridi, mumewe Poma alipoingia, akajikung'uta udongo, akaketi mahali pake. Alikuwa amezikwa wiki iliyopita chini ya sakafu ya kanisa.

"Udongo mzito, mke wangu," alisema. "Sipumui."

Chimpu akammiminia pombe ya mahindi. Zamani wafu wao walikaa pangoni mlimani, wamejikunja ndani ya mablanketi, wanapata hewa na kuletewa chakula. Kisha Wahispania wakawashusha watu wote bondeni, wakasema maiti ni wa kanisa. Chimpu alimwendea padri, akamsihi amruhusu kumhamishia mumewe pangoni. Padri akamjibu kwa upole kwamba udongo ule mwepesi tu. Ndiyo hivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi Poma akawa anatoka kila alasiri, anavuta pumzi, anarudi kengele ikilia. Majirani walimtania kuwa tangu afe amekuwa mtu wa nyumbani.

Siku moja akaja Don Alonso, mkuu wa kijiji, mtu wa kwao hasa ila miguuni viatu vya Kihispania. Alikuja kumchukua Asto, mwana wao, kwa zamu ya lazima ya machimbo ya fedha ya mfalme wa Wahispania. Machimbo hayohayo ndiyo yaliyompa Poma kikohozi kilichomuua. Alipomwona Poma kaketi, akamtazama mabega.

"Kaka Poma, kumbe unatembea."

"Natembea. Mwache mwanangu, nitakwenda mimi."

Don Alonso akapima: maiti hali wala hakohoi. Akakubali. Padri naye akaamua kwamba mwili ni wa kanisa, lakini mikono ni ya mfalme.

Chimpu alilia. "Chini ya sakafu tu hupumui, seuze ndani ya mlima?"

"Kule nilishazoea," Poma alisema, akaondoka.

Alichapa kazi usiku na mchana, wasimamizi wakamsifu. Zamu nyingine ilipofika, Don Alonso alisimama tena mlangoni, kofia mkononi. Alieleza kuwa Poma hatarudi, kwa kuwa hachoki. Na Asto, kwa kuwa yu hai, zamu yake iko palepale.

Chimpu alimfungia mwanawe viazi vikavu, akampa na kibuyu cha pombe ampelekee baba yake. Aliwasindikiza Asto na Don Alonso mpaka njia panda. Kisha akapanda mlimani hadi pangoni, akafagia nafasi mbili.