Kozi ya Kumzika Mama

Uvumi ulimkuta Consolata sokoni, vidole vimelowa maji ya machungwa, na toka hapo haukumtoka kichwani. Ati hapo Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya kumi na saba, kuna ofisi inayopeleka vijana kazini ng'ambo, na kabla hujapelekwa unafundishwa kusema mama yako amekufa.

"Hata kama yu hai?" aliuliza.

"Hasa kama yu hai," alisema Tabia, Mpemba aliyeuza mchele kibanda cha pili, mwanamke ambaye habari haikuwahi kulala kwake. "Aliyekufa kweli wamfundishie nini?"

Wakacheka. Wateja wakaja, machungwa yakamenywa. Lakini kicheko cha Consolata kilikuwa cha mdomoni tu, kwa sababu Queen, mwanawe wa pekee, alikuwa akisoma katika ofisi hiyohiyo tangu Pasaka ipite.

Queen alimaliza kidato cha nne, akakaa. Akasuka watu nywele kibarazani mpaka vidole vikaota sugu. Siku moja akaja na habari ya kiwanda cha samaki huko Kanada, kinachoajiri vijana wa nchi nyingine na kuwafundisha kazi kabla hawajasafiri. Consolata alifurahi mno. Alisali novena siku zote tisa. Aliwatangazia akina mama wenzake wa WAWATA kanisani, wakampigia vigelegele. Jambo moja tu lilimshangaza: ofisi ilitaka vijana wanaojua Kizigua. Queen alikijua vizuri, alilelewa na bibi yake upande wa Pangani.

"Kanada wana shida gani na Kizigua?" mama aliuliza wakati ule.

"Mama nawe! Wazungu wana mambo yao."

Akaridhika. Mzazi akitaka kuamini, haulizi mara ya pili.

Sasa uvumi ulikuwa umemkaa shingoni. Siku ya tatu alifunga kibanda mapema, akarudi nyumbani mchana jua likiwa kali. Alipopita ukumbini alisikia sauti ya Queen uani, anafua na kusema peke yake kwa Kizigua, sauti ya kilio. Consolata akasimama nyuma ya shuka zilizoanikwa.

"Mama yangu alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto," Queen alikuwa akisema. "Alipenda kuimba akiwa anafanya kazi. Tulipofika mtoni miguu ilikuwa imevimba, hakuweza tena. Akaniambia, nenda. Alikata roho palepale. Tukamfunika kwa majani."

Consolata aliutazama mkono wake wa kushoto. Kovu lilikuwepo, la mafuta ya moto yaliyommwagikia Queen akiwa bado ananyonya.

"Queen."

Msichana aliruka, beseni likapinduka, povu likatapakaa uani.

"Nani huyo mliyemfunika majani?"

"Mama... ni mazoezi."

"Mazoezi ya kunizika mimi?"

Ikabidi aseme. Kampuni ya Kanada ilikuwa ya kweli na kazi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa kwa kila mtu. Ilikuwa inaajiri wakimbizi. Mtu aliyekimbia vita anafundishwa kazi, anapewa mkataba, anaanza maisha upya mahali penye amani. Na huko Handeni walikuwapo watu wa namna hiyo, Wazigua wa Somalia. Babu zao walikamatwa pwani hii hii wakapelekwa huko utumwani, wakaishi vizazi na vizazi bila kuiacha lugha, na vita vilipowaka wakakimbilia walikotoka babu zao. Bwana Wilfred mwenye ofisi aliligundua hilo akaona riziki yake: mtoto wa Tanga anayejua Kizigua akifunzwa vizuri, mzungu atamjuaje?

"Kule naitwa Khairiya," Queen alisema, macho chini.

"Na ubatizo wako?"

"Ni jina tu, mama."

"Na mimi? Ni mama tu?"

"Mwalimu alituambia tutie vitu vya kweli ili machozi yaje yenyewe. Nikilikumbuka kovu lako nalia. Si kwa ubaya, mama. Nalia kwa kuwa nakupenda."

Hapo Consolata alikaa juu ya kinu. Angetukanwa angejibu. Sasa mtu anakuzika kwa mapenzi, unamjibu nini?

"Haya nambie," alisema baadaye. "Ukifika huko, nikiumwa utaulizia habari zangu kwa nani? Picha zako utazituma kaburini?"

"Nitakupigia kwa siri."

"Na siku nikifa kweli, utaomba ruhusa kazini ukamzike nani? Si wanajua nilishaoza mtoni?"

Queen aliokota beseni akaanza kufua upya nguo ambazo zilikuwa zimeshatakata.

Kesho yake Tabia aliposimuliwa alitupa kopo la mchele. "Na jina la Kiislamu wanampa? Wanamsilimisha kwa ajili ya samaki? Mwenzangu, dini yetu mtu haingii kwa mlango wa kiwanda! Nenda ofisini kwao. Kibanda nitakuangalizia mie. Na ukifika usikae, utapewa soda utalainika."

Bwana Wilfred alikuwa kijana wa shati la pasi na manukato yanayotangulia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Karibu. Soda au maji?"

"Marahaba. Nataka mwanangu."

"Mama Queen! Binti yako ndiye bora darasani. Keshokutwa ana usaili. Unataka kumnyima maisha?"

"Nataka asiniue."

Alitabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Mama, tuelewane. Wale watu wanataka wakimbizi. Sisi Tanga hatukupewa vita. Ni kosa la watoto wetu?"

Consolata alidhani hakusikia vizuri. "Hatukupewa vita? Kumbe ni mgao? Umewaona wenzetu wamependelewa?"

"Kufa kwa maneno hakuumi, mama."

"Basi ungeanza na mama yako."

"Mama yangu yuko Korogwe, mzima wa afya."

"Enhe! Wako umemwacha."

Akatoka bila kuaga. Kwenye benchi la ukumbini palikuwa na mama mtu mzima, amejitanda kanga iliyopauka, ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Consolata alimwamkia, yule mama akaitikia kwa Kizigua chenye lafudhi ya mbali. Wakasemezana. Aliitwa Kijakazi, ametoka Handeni. Bwana Wilfred alikuwa akimtumia nauli aje, akae, asimulie alivyokimbia, naye anamrekodi kwenye simu.

"Nimemweleza yote," alisema Kijakazi. "Binti yangu alinifia mtoni, njiani. Mwanawe Luqmani nikambeba mgongoni mpaka huku. Sasa ni kijana, hana karatasi ya nchi yoyote, anachoma mkaa. Bwana huyu kasema maneno yangu yatapelekwa Kanada, Luqmani apate ile kazi."

"Wameshamwita?"

"Bado. Naambiwa nisubiri."

Consolata akaketi kando yake. "Mama, binti yako mlimzika na nini?"

"Sanda tungeitoa wapi? Tulimfunika majani."

Consolata alimwambia anachofundishwa Queen kusema. Hakumficha hata neno. Kijakazi akatikisa kichwa.

"Hapana. Mtu huiba kuku, huiba baiskeli. Maiti ataiibaje?"

"Njoo keshokutwa usikie kwa masikio yako."

Akaja. Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida ya Ngamiani yenye baraza, na kwa sababu ya joto dirisha la chumba cha usaili waliliacha wazi. Akina mama hao wawili walikaa barazani chini ya dirisha kama watu wanaongoja zamu yao. Ndani, Queen alikuwa amejifunga ushungi, ameketi mbele ya kompyuta. Kwenye kioo alionekana mama wa kizungu, na pembeni yake mkalimani, mwanamume wa makamo, mwenyewe Mzigua wa Somalia aliyetangulia huko siku nyingi. Wilfred alisimama ukutani asipoonekana.

Mkalimani aliuliza jina, Queen akasema Khairiya. Akaulizwa safari. Queen akaieleza, njia, kiu, mto. Kila neno lililotoka, Kijakazi alikaza mkono juu ya goti la Consolata, mpaka kucha zikaingia.

"Pole, binti," mkalimani alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli. "Sasa nieleze habari za mama yako."

Consolata hakukumbuka alivyonyanyuka. Alijikuta ameshaingia, amesimama nyuma ya kiti cha mwanawe.

"Nani huyo nyuma yako?" mkalimani aliuliza.

"Mpishi wetu," Wilfred alidakia. "Mama, jikoni ni kule."

"Namuuliza binti," mkalimani alisema.

Queen aligeuka. Alimtazama mama yake, usoni, kisha mkononi, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

"Simfahamu," alisema.

Mtaa mzima ungetegemea Consolata apige yowe. Hakupiga. Alivuta kiti cha plastiki akakaa kando, akaweka mikono mapajani.

"Haya. Mimi mpishi," alisema. "Endelea, mwanangu. Nami nisikie huyo mama alivyokufa."

Queen alifungua kinywa. "Mama yangu alikuwa... Tulipofika mtoni, mama yangu..." Akaanza tena, akakwama palepale. Wilfred alimwonyesha kidole kwa hasira, aendelee. Midomo ilicheza tu, neno halikutoka.

Sauti ikaja kutoka dirishani. Kijakazi alikuwa amesimama, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Huyo wa mtoni ni binti yangu mimi," alisema. "Nilimzaa na nilimfunika. Nani kakupa maiti yangu?"

Huko Kanada mkalimani alivua miwani. Mama wa kizungu alimuuliza kitu, yeye akaipangusa kwa shati. Lugha ile aliijua, na kilio kile alikijua, labda alikuwa na wa kwake pia wa mtoni.

Queen aliuvua ushungi kichwani, akasimama, na kwa Kiswahili chake cha kwao akasema, "Mama, twende nyumbani."

Ndipo Wilfred alipochomoa waya wa kompyuta, lakini yote yalikuwa yameshasikika.

Sasa usidhani mambo yaliisha kwa furaha. Wilfred alifunga ofisi wiki ileile, na ada za wazazi akaondoka nazo. Wengine wasema yuko Moshi, amefungua nyingine. Kampuni ya Kanada ilisimamisha kila ombi kutoka upande huu, maana itajuaje nani mkweli? Kwa hiyo Luqmani, ambaye kila neno la kisa kile ni lake, yatima wa kweli na mkimbizi wa kweli, bado anachoma mkaa Handeni. Nafasi ilikuwa yake. Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya watu kama yeye, wakajazana watu wenye kwao, mwisho ukafungwa usoni pake. Hilo ndilo linalomchemsha Consolata mpaka leo kuliko hata kuzikwa kwake. Alikwenda Handeni na kikapu cha machungwa kumwomba Kijakazi radhi. Kijakazi alimkaribisha, akamkalisha kitini, akamtazama. "Umenirudishia binti yangu," alisema, "lakini mjukuu bado."

Queen naye alinuna. "Umeniharibia maisha," alimwambia mama yake, na kwa siku kadhaa alipakua chakula chake akala peke yake uani. Amerudi kibarazani kusuka nywele.

Wapo wanafunzi wawili wa Wilfred waliokuwa wameshavuka kwenda Kanada kabla ya siku ile. Mama wa mmoja wao anakaa barabara ya tisa. Mwanawe humpigia simu, lakini humwita shangazi, kwa sababu anaoishi nao chumba kimoja wanasikiliza na wanajua mama yake ni marehemu. Yule mama huitika, "Naam, mwanangu wa kaka," halafu simu ikikatika hujifungia ndani. Consolata aliyaona hayo kwa macho yake. Tangu hapo hanyamazi. Kanisani husema yeye, msibani na harusini husema Tabia, na wanachosema ni hiki:

Usimpeleke mwanao kwenye ofisi inayombadilisha jina.

Usikubali kozi ambayo mzazi anazuiwa kuingia darasani.

Usimwachie wakala cheti cha kuzaliwa wala pasi ya kusafiria, hata kwa siku moja.

Usilipe ada kabla hujauliza kampuni yenyewe inaajiri nani, na wewe ni miongoni mwa hao au siyo.

Kama hujakimbia vita, usichukue nafasi ya aliyekimbia. Hiyo si bahati, ni wizi, na anayeibiwa hana pa kushtaki.

Usimsimulie mtu msiba wako kwenye simu yake kama hujui unapelekwa wapi.

Usikubali kuitwa shangazi na mtoto uliyemzaa.

Usidanganywe kwamba uongo huo ni wa siku moja ya usaili. Utausema kila siku, mpaka uzeeni.

Usinyamaze kwa kuogopa mwanao atakununia. Atanuna, na atakula.