Tepu ya Mama Mkasi

Wateja walimwita Mama Mkasi, maana ulimi wake ulikata sawasawa na mkasi wake. Alikuwa fundi wa magauni. Alipotolewa mfuko wa uzazi kwa ajili ya saratani, daktari wa upasuaji alizoa na tezi za nyonga, zote ishirini na saba, akaitaja idadi hiyo kwa fahari kama mtu anayetaja wajukuu. Saratani ikaondoka. Lakini maji ya mwili yaliyopitia kwenye tezi zile yakakosa njia, na mwaka haujaisha, mguu wake wa kushoto ukavimba hadi ukagoma kuingia kwenye kiatu.

Kliniki ilikuwa na utafiti. Profesa, mtu mpole asiyevua tai, alilinganisha makundi mawili ya wanawake wenye miguu ya namna hiyo. Kundi moja lilivishwa mashine ya kukamua maji, yenye mirija na taa za kijani. Jingine lilifungwa bandeji za kubana tu. Kura ikamtupa Mama Mkasi kwenye bandeji. Mdogo wake aliyemsindikiza alinuna kwa niaba yake. Profesa akawafariji kwamba kundi hilo nalo lina umuhimu mkubwa, kwani bila wasiopona, waliopona watajulikanaje?

Kila baada ya wiki mbili muuguzi aliwapima miguu kwa tepu, wote katika chumba kimoja. Mara ya kwanza Mama Mkasi alivumilia. Mara ya pili aliuma midomo. Muuguzi, mwenye foleni ndefu mlangoni, alipima paja leo hapa, siku nyingine pale, tepu mara imelegea, mara imebana. Na kwa wanawake wa mashine aliivuta zaidi kidogo. Hakuwa na nia mbaya. Aliitakia mashine mema.

Mara ya tatu Mama Mkasi alishindwa kunyamaza.

"Mwanangu," alimwambia, "ningepima magauni hivi, mabibi harusi wangu wote wangeolewa nusu uchi."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama Mkasi akamwonyesha: aanzie kisiginoni, aweke alama ya kalamu kila vidole vinne, tepu iguse ngozi bila kuikaba. Tena anayepima asiambiwe nani ni wa mashine. Yeye mwenyewe aliwahi kumpunguzia wifi yake kiuno kwa tepu, kwa mapenzi tu, na gauni likapasuka mbele za watu.

Habari zikamfikia Profesa, ambaye tayari alikuwa ameandika kwamba mashine inafanya maajabu. Alichana karatasi zake, akaamuru vipimo vianze upya. Miezi sita baadaye, miguu ya makundi yote mawili ilikuwa imepungua kidogo, na kwa kiasi kilekile. Mashine ikafunikwa shuka.

Daktari wa upasuaji aliyasoma matokeo hayo, akaona kilichomuuma: hakuna mguu hata mmoja uliorudi kama zamani. Akaenda kujifunza kutafuta kwa rangi tezi ya kwanza tu inayopokea maji kutoka kwenye saratani, kuitoa na kuichunguza, na ikiwa safi, kuziacha nyingine mahali pake. Aliporudi alimfuata Mama Mkasi.

"Ungefanyiwa leo, huenda ningekuachia nyingi," alisema, akiangalia sakafu.

Mama Mkasi alikasirika kuliko siku aliyoambiwa ana saratani. Alitafuta neno la kumkata nalo. Kisha akaona kwamba hakuna aliyemlazimisha daktari kuja kumwambia, akajikuta anamwambia pole.

Mwaka uliofuata ulitangazwa utafiti mpya, wa upasuaji wa kuyafungulia njia maji yaliyokwama. Mama Mkasi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Profesa alimweleza kwa masikitiko kwamba haruhusiwi: ndiye anayewafundisha wauguzi kupima, kwa hiyo anajua mno.

"Lakini mwenye mguu ni mimi."

"Ndiyo, na ni mguu mzuri sana wa kufundishia," alisema Profesa kwa dhati kabisa.

Muuguzi alitoka nje ili acheke. Mama Mkasi akaingia darasani walimomsubiri wauguzi sita wapya, akapandisha mguu kwenye kiti, akawaambia waanze.