Torenia za Veranda ya Karen

Mama mkwe wangu, Virginia, hakuwahi kuona mmea unaokimbia jua. Kwake jua ni chakula, na mmea usiolitaka una kasoro, kama mtoto anayekataa uji. Ndiyo maana Januari ile ya 2006, nilipokwenda Parklands kutafuta minyororo ya kuning'inizia vikapu, aliingia kwenye kitalu changu nyuma ya nyumba yetu mtaani Jamhuri, akatoa vikapu vyote vya torenia chini ya wavu wa kivuli na kuvipanga uani, eti vipate nguvu.

Niliporudi, maua yale ya zambarau yenye koo la manjano yalikuwa yamelala kama majani ya sukuma wiki yaliyosahauliwa jikoni. Majani yalikuwa yameungua. Nililia kwa hasira mbele yake, na sioni haya kusema hivyo.

"Nzula, nilikuwa nataka tu kusaidia," alisema. "Nani angejua hii maua yako inaogopa jua?"

"Ungeniuliza, mama."

Mkwe hafokewi. Moyoni nilimfokea mpaka nikachoka.

Vikapu vile vilikuwa vya veranda ya mkahawa mpya kule Karen. Stacy, meneja wake, angekuja kuviona Ijumaa. Nilikuwa nimeacha kazi ya mapokezi kwa ajili ya maua, na mume wangu Ndegwa alikuwa amenivumilia msimu mzima. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Stacy akivikataa, narudi mapokezini. Basi nikatunga uongo. Ningesema ni wadudu.

Alhamisi Virginia akaniita nyuma ya tangi la maji, mahali jua lisipofika. Palikuwa na pakiti za maziwa zilizojazwa udongo, na katika kila moja torenia changa, mbichi, imesimama wima. Torenia hukatwa ncha ikiwa ndogo ili ichipue pembeni na kujaza kikapu. Mimi ncha hizo huzitupa. Yeye alikuwa ameziokota na kuzichomeka, kama wanavyopanda viazi vitamu kwao.

"Nilizionea huruma," alisema. "Nikaziweka hapa sababu hakukuwa na nafasi ingine."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni hiyo tulizipanda vikapuni, sisi wawili. Zilikuwa ndogo, na hakuna hata moja iliyokuwa na ua.

Stacy alifika, akazitazama, akakunja uso. "Nzula, si uliniambia zitakuwa na maua?"

Nilifungua kinywa kutoa wadudu wangu. Virginia akanitangulia.

"Ni mimi nilichoma za kwanza," alisema. "Niliziweka kwa jua. Yeye alikuwa amezilea vizuri, hata majirani walikuwa wanasimama kuangalia. Usimnyime kazi kwa makosa yangu."

Huyo ni mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akikiri kosa, si kwa mwanawe, si kwa mchungaji. Nilishindwa kumtazama.

Stacy aliinama, akagusa mche mmoja. "Tunafungua Machi. Zitakuwa na maua?"

"Zitakuwa," nilijibu, na huo haukuwa uongo.

"Basi mtaleta."

Gari lake lilipotoka langoni, Virginia alijipangusa mikono kwenye leso. "Sasa nifundishe hizi vitu," alisema. "Kutoka mwanzo."

Tangu niolewe hakuwahi kuniomba chochote. Nikaenda ndani kumletea kiti.