Sharti la Tatu

Tangu saa moja asubuhi Émérance alikuwa kwenye foleni mlangoni pa Assistant Olivier, msimamizi wake chuoni, tasnifu yake, mémoire, kifuani. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa siku hiyo saa sita mchana. Bila sahihi ya Assistant, angerudia mwaka mzima.

Aliingia saa tano na nusu. Tasnifu yake ilitafuta idadi kubwa kabisa ya safari ambazo msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anaweza kufanya kwa siku, akishusha viazi kutoka Kibati hadi Majengo. Masharti ya hesabu yalikuwa matatu: saa kumi na mbili za kazi, uzito unaobebeka, na saa tatu za kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani kila safari. Hilo la tatu alipimiwa na baba yake, Bashige, aliyetia alama ya kila saa aliyosimamishwa, kwa kisu, kwenye ubao wa chukudu yake siku arobaini. Jibu lilikuwa safari mbili, na ndizo Bashige alizokuwa akifanya.

Assistant aliweka kalamu juu ya mstari wa sharti hilo.

"Hii ya tatu uitoe."

"Juu ya nini, Assistant?"

"Hii kizuizi iko kwa arrêté gani ya serikali? Juri itaomba karatasi."

"Karatasi hakuna. Iko pale barabarani. Hata Assistant anapitaka pale kila siku."

"Napitaka," alisema, wala hakukasirika. "Lakini kwa sheria haiko. Kitu yenye haiko, hauwezi kuihesabu."

Émérance alitaka kubisha zaidi. Lakini mkono usioweza kuukata, ubusu. Akaomba kompyuta ya sekretarieti, akafuta mstari. Kizuizi kilichomla baba yake saa sita kila siku kikaondoka kwa kidole kimoja. Laiti kingeondoka hivyo barabarani. Hesabu ikaruka kutoka safari mbili hadi nne. Assistant akatia sahihi, akasema ni kazi safi.

Jioni Bashige alirudi na vumbi jeusi hadi magotini, akaketi kabla ya kunawa.

"Walipokea mémoire?"

"Walipokea, papa."

"Na hesabu inasema ngapi?"

Angeweza kumdanganya. Hakuweza.

"Walinifutisha kizuizi kwa hesabu, papa. Sasa inasema safari ine."

"Ine." Bashige alivua kiatu, akakung'uta mchanga. "Na mi nafanyaka mbili."

"Ndiyo, papa."

Akavua cha pili.

"Ndio kusema niko muvivu," alisema. "Na mutoto wangu ndiye aliandika."