Mama, Piga Makofi

Kila asubuhi Ramlah alikuwa wa kwanza kwenye tangi la maji. Aliweka jerikeni chini ya bomba, akafungua kitabu kwa mkono mmoja, na hadi jerikeni ijae alikuwa ameshamaliza kurasa kadhaa. Bomba lilikuwa bovu, maji yalitoka kama uzi. Katika bweni zima ni yeye peke yake aliyelipenda.

Asubuhi hiyo mtu alimmwagia kopo la maji kichwani. Kitabu kililowa. Kabla hajafikiri, Ramlah aligeuka akafoka kwa Kiswahili, kwa sauti nzito, sauti ya babu yake: "Nani hapo? Simama! Wewe raia, mikono juu!"

Naigaga aliganda, kopo mkononi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Banange, jamani, njooni msikie! Huyu wa Mbale kumbe ni afande!"

Tangu Ramlah ahamie shule ile ya Mafubira, hiyo ndiyo mara ya kwanza Naigaga kumsemesha. Naigaga ndiye aliyeamua nani akae kitandani kwa nani, nani apewe sukari, nani abandikwe jina. Ramlah walimwita Maktaba. Mchana alikula peke yake huku akisoma, akijifanya kwamba ndivyo apendavyo.

"Sema tena," Naigaga alimwambia.

Akasema tena, akaeleza kwamba anamwiga babu yake.

Kwa wasichana wale Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, ya kuulizwa kitambulisho barabarani. Kwa Ramlah kilikuwa lugha ya nyumbani, ya mzee Taban aliyemlea. Zamani mzee Taban alikuwa askari wa bendi, na kazi yake jeshini ilikuwa kupuliza tarumbeta. Sasa alikaanga karanga na kuziuza sokoni Mbale. Alinunua vitabu vikuukuu kwa kilo ili achane kurasa za kufungia karanga, lakini hakuchana hata kimoja kabla Ramlah hajakisoma. "Haraka, mjukuu wangu," alikuwa akimwambia, "wateja wananisubiri." Ndivyo Ramlah alivyojifunza kusoma upesi.

Ikawa kila jioni afande anaitwa katikati ya vitanda. Ramlah alikunja sweta likawa fimbo, akajaza mashavu pumzi, akatembea akiburuta mguu mmoja kama babu.

"Sanduku hili lina nini? Sabuni? Sabuni inasafiri bila ruhusa?"

"Nihurumie, afande!" Naigaga alilia kwa kicheko, akijishika mbavu.

Jina la Maktaba likafa. Alipewa nafasi kwenye kitanda cha Naigaga, upande wa dirisha, na kijiko cha maziwa ya unga katika uji wake. Vitabu alivisukumiza chini ya godoro.

Kisha jioni moja Naigaga alipiga miayo. "Afande, hiyo ya sabuni tumeisikia. Huna nyingine?"

Ramlah hakuwa na nyingine. Alipogeuka, aliona msichana mwingine ameketi upande wa dirisha.

Jumapili, zamu yake ya simu ya matroni ilipofika, hakuuliza habari za nyumbani kama kawaida.

"Babu, nisimulie habari za jeshi."

"Za nini?"

"Nataka kujua tu."

Mzee Taban akasimulia. Mwanzoni polepole, halafu kama mtu aliyengojea kuulizwa maisha yake yote. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka, alivua sare akarudi Mbale kwa miguu, tarumbeta ameifunga kwenye shuka. Vijana wa pale stendi wakamtambua. Wakamvisha tarumbeta shingoni, wakamwamuru aruke kichura kuzunguka soko, na kila akianguka apulize. Mama yake alikuwa pale akiuza ndizi. Wakamwambia, mama, piga makofi. Akapiga, maana wangemuua mwanawe.

"Hakuna neno," mzee alimalizia. Ndivyo alivyomaliza kila jambo. "Ilikuwa zamani. Mama alikufa hatujawahi kulizungumza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Matroni alinyoosha mkono kuchukua simu yake.

Jioni ile Ramlah alifunga kopo shingoni kwa kamba. Alijiambia ataruka tu, ya mama hataigusa. Aliruka, akaanguka, akapuliza. Walicheka, lakini si kama zamani, na Naigaga alikuwa amekwisha kugeukia kucha zake. Ramlah akaropoka: "Wewe mama wa ndizi! Mtoto wako anacheza, piga makofi!"

Bweni lililipuka. Naigaga mwenyewe alinyakua shuka, akajifunga kiunoni, akawa mama, akapiga makofi huku akijiliza. Tangu siku hiyo, mtu akiangusha sahani au akikosea hesabu ubaoni, sauti ilitoka nyuma: "Mama, piga makofi!" Ramlah alirudi upande wa dirisha.

Siku ya kutembelewa wanafunzi, mzee Taban alifika mapema, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe, mfuko wa karanga begani. Ramlah alimpeleka nyuma ya jiko, mahali wazazi hawafiki.

"Mbona huku? Kuna moshi."

"Kuna kivuli, babu."

"Na hao rafiki zako uliowasema? Nimeleta karanga zao."

"Wana wageni wao."

"Hakuna neno, tutawangoja."

Hawakungoja sana. Naigaga alitokea na wenzake, mdomo ukimeremeta mafuta ya kuku. Alipomwona mzee alipiga magoti kwa heshima, kama alivyofunzwa kwao Nalufenya, akamwamkia vizuri. Mzee alifurahi. Akamjazia karanga viganja vyote viwili.

"Afande," Naigaga akamgeukia Ramlah, "huyu ndiye mwenyewe?" Kisha, bado yuko magotini, akamwambia mzee kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Babu, sisi napenda wewe sana. Ruka kidogo, kama chura. Kidogo tu!"

Mzee alitabasamu, hakuelewa. Alimtazama mjukuu wake amweleze.

Nyuma msichana mmoja akapaza sauti: "Mama, piga makofi!" Wote wakapiga.

Tabasamu la mzee lilibaki pale pale usoni, kama kitu alichosahau kukiondoa. Aliwatazama mmoja mmoja, wakipiga makofi. Mwisho akamtazama Ramlah.

Naigaga naye alikuwa akimtazama. Ramlah alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kifupi, lakini kilisikika.

Mzee aliinuka, akakung'uta kanzu. Karanga zilizobaki alizigawa zote, hakumruka mtu. Akasema anawahi gari la Mbale.

Walitembea hadi getini. Pale mzee alitoa kwenye mfuko kitabu kizima, kina mwanzo na mwisho, akampa. Ramlah alikipokea kwa mikono miwili.

"Babu, nisamehe. Ilikuwa mchezo tu."

Alingoja aambiwe hakuna neno. Mzee Taban alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Siku ile ya simu," akasema, "nilidhani unataka kunijua."