Dakika Tisa za Bwana Gu

Kwa miaka sita nilishona mikono ya nguo za ngoma ya Kichina: hariri nyeupe, mirefu kuliko mtoto mwenyewe, ya kurushwa hewani na kurudishwa kiganjani. Bi Qiu, aliyewafundisha watoto wa Kichina ngoma hiyo kila Jumamosi katika ukumbi wetu wa Kilburn, Uingereza, hakuridhika na mshono wangu hata mmoja. Alisema Mwalimu Luo angeufumua. Kila kitu kwake kilikuwa Mwalimu Luo, na Mwalimu Luo alikufa mwaka 1967.

Basi mwaka 1999 ikaja barua. Bwana Gu, mkuu wa chuo cha ngoma huko Uchina, anakuja ukumbini kwetu kupewa ngao kwa kuiokoa ngoma ya mikono mirefu. Bi Qiu aliisoma, akaikunja, akaendelea kupiga pasi.

"Mwanabaraka," akasema, "huyu ndiye aliyemuua mwalimu wangu."

Walisoma pamoja kwa Mwalimu Luo. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ngoma za kale zilipigwa marufuku, na nchi nzima ikalazimishwa kucheza ngoma ya uaminifu kwa Mwenyekiti wa chama tawala: mikono kifuani, mikono juu, mguu chini kwa kishindo. Gu, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa mapinduzi, alimtoa Mwalimu Luo nje hadi uani, akatunga sheria: atakayeacha kwanza ni msaliti. Mama wa miaka sitini alicheza saa nne, akaanguka, na kesho yake akafa. Bi Qiu alikuwa mstarini, anacheza kwa hofu. Hakuthubutu kumwinua.

"Utamsema mbele za watu?"

"Nani atanisikiliza? Nataka alitaje jina la mwalimu wangu kwa kinywa chake."

Siku ikafika. Gu alikuja na suti nzuri na tumbo la kushiba, akasema kwenye maikrofoni kwamba ngoma ile aliihifadhi peke yake, bila mwalimu. Peke yake! Mimi nina Gu wangu kule Unguja, anayekaa kwenye nyumba aliyomnyang'anya baba yangu na kunitumia salamu za Idi, kwa hiyo watu hawa nawajua. Bi Qiu alinipa ishara kwa kichwa. Nikabonyeza redio ya kanda, na badala ya filimbi ya ngoma ya watoto ikatoka ile ngoma ya uaminifu.

Bi Qiu alipanda jukwaani peke yake. Mikono kifuani, mikono juu, kishindo. Wazee wa Kichina waliitambua papo hapo. Mmoja akasimama, akacheza. Wa pili. Safu nzima ikainuka, wote wakimtazama Gu, wala hakuna aliyecheka. Wageni wa Kiingereza walipiga makofi, maskini, wakidhani ni burudani.

Mkono wa Gu ulifika kifuani kabla hajaamua. Akasimama, akacheza. Jasho likamtiririka, tai ikamwendea mgongoni, na mimi roho yangu ikaburudika, sifichi. Kisha akaacha kucheza, akakaa.

Nikazima redio. Bi Qiu akamsogezea maikrofoni.

"Yeye alicheza saa nne akiwa na miaka sitini. Wewe una hamsini na miwili, umecheza dakika tisa. Nani alikufundisha?"

Gu alitazama ngao yake. "Luo Suzhen," akanong'ona.

"Wa nyuma hawakusikia," akasema Bi Qiu.

Nikarudisha kanda mwanzo.